Boksi limefunguliwa, nyingine ni OEM bila boksi: ninunue kadi ipi?

Wataalamu wa safu, habari za kazi.

Mimi ni mchora ramani za nyumba, naishi Ilazo hapa Dodoma. Wateja wangu wengi wanajenga Iyumbu na Nala, na siku hizi mteja haridhiki na mistari kwenye karatasi. Anataka aione nyumba yake imesimama, jua linapiga ukutani, kochi lipo sebuleni. Natumia programu za Blender na Twinmotion. Kompyuta yangu ni ya mezani, niliungiwa na fundi: sipiyu ni Core i5-10400, madabodi ya H410, RAM 16GB, kadi ya grafiki haina. Picha moja ya sebule inanichukua usiku kucha, na umeme ukikatika saa nane za usiku naanza upya.

Nimedunduliza laki tisa. Kadi ya grafiki ya RTX 3060 nimeipata sehemu tatu. Duka moja la Dar wanayo mpya, boksi lina seali, 1,150,000. Duka la hapa mjini wanayo kwa 850,000; boksi limefunguliwa, muuzaji anasema mteja aliirudisha baada ya siku mbili kwa sababu haikuenea kwenye keshi (sanduku la kompyuta) yake. Waranti anatoa miezi mitatu, ya mdomo. Ya tatu anayo winga wa Kariakoo kwa 650,000. Haina boksi, iko kwenye mfuko wa plastiki. Anasema ni OEM, imetolewa kwenye mashine ya Dell, na kwamba OEM ni orijino kuliko za dukani kwa kuwa inatoka kiwandani moja kwa moja. Nitume hela, jioni anaipakia kwenye basi, asubuhi naichukua Nzuguni.

Rafiki yangu anasema kadi ni kadi, nichukue ya laki sita na nusu, chenji niongezee RAM. Mke wangu anasema ninunue yenye seali au nisinunue kabisa. Naomba mnisaidie kupima. Nawatumia na picha ya lebo ya pawasapulai yangu (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), fundi alisema lazima mtaiulizia.

Mchora Ramani, Ilazo


Ndugu Mchora Ramani,

Mshukuru huyo fundi. Lebo aliyokwambia uipige picha ndiyo tunayoanza nayo, kabla ya kadi yoyote kati ya hizo tatu.

Ubavuni mwa pawasapulai yako pameandikwa 500W kwa herufi kubwa. Shuka chini kidogo kwenye jedwali dogo: kuna safu za +3.3V, +5V na +12V, na chini ya +12V pameandikwa 18A. Hapo ndipo pa kuangalia, kwa sababu sipiyu na kadi ya grafiki hula karibu umeme wao wote kwenye +12V. Zidisha: 18 mara 12 ni 216W. Hizo ndizo wati unazoweza kuzitegemea, siyo 500. Sasa i5-10400, ingawa imeandikwa 65W, ikipewa kazi nzito inaruhusiwa kupanda kwa muda hadi 134W. RTX 3060 peke yake inakula 170W. Jumla 304W, na hapo hatujahesabu diski, feni wala madabodi yenyewe.

Ukichomeka kadi yoyote kati ya hizo tatu kwenye pawasapulai hiyo, hata ile yenye seali, linaweza kutokea moja kati ya mawili. Huenda mashine ikazima ghafla dakika chache baada ya kuanza kuchakata picha, au pawasapulai ikaungua na kuondoka na kadi. Hilo la kwanza linakuhusu kwa namna nyingine pia: ni njia moja ambayo kadi nzima hugeuka kuwa kadi ya boksi lililofunguliwa. Mtu ananunua, mashine inazima, anadhani kadi ni mbovu, anairudisha. Kadi ilikuwa nzima, umeme ndio haukutosha.

Kwa RTX 3060, NVIDIA wenyewe wanapendekeza pawasapulai ya 550W. Tafuta yenye alama ya 80 Plus, ambayo kwenye lebo +12V inasoma 40A au zaidi, na yenye plagi yake yenyewe ya pini 8 kwa ajili ya kadi (huja ikiwa imegawanyika 6+2). Baadhi ya kadi za 3060 zilizoongezwa kasi kiwandani zinataka pini 8 na pini 6 kwa pamoja, kwa hiyo hesabu mashimo ya kadi kabla ya kununua pawasapulai. Fundi asikuuzie kiunganishi cha kugeuza plagi ya diski ya SATA kuwa pini 8. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba 54W kwenye 12V, wakati kadi inaweza kuvuta hadi 150W kwenye plagi ya pini 8. Plastiki inayeyuka, na ikiyeyuka usiku umelala siyo kadi tu inayokuwa hatarini. Tenga laki moja na nusu hadi laki mbili kwa kazi hii. Ndiyo, inakula akiba yako, na tutalirudia.

Sasa OEM. Neno lenyewe halina ubaya. Ni kadi ambayo kiwanda kilitengeneza kwa ajili ya kampuni inayounga kompyuta, kama Dell, HP au Lenovo, badala ya kuiweka kwenye boksi la rangi na kuiuza dukani. Chipu ni ileile ya NVIDIA. Draiva za kawaida za NVIDIA zinaikubali. Kinachopungua huwa kwenye mambo manne: bati la kupoozea mara nyingi ni jembamba na feni ni chache, kasi imewekwa kwenye kiwango cha msingi bila nyongeza, waya na kitabu hakuna, na waranti hakuna. Hilo la mwisho winga hajakwambia. Waranti ya kadi ya OEM ilikuwa sehemu ya waranti ya kompyuta nzima. Ikishachomolewa kwenye mashine, haina mwenyewe. Kwa hiyo "orijino kuliko za dukani" ni maneno ya biashara; ni orijino sawasawa na za dukani, ila imekuja bila ulinzi.

Kuna la kuangalia zaidi. Zipo kadi ambazo toleo la OEM lina jina lile la dukani lakini ndani ni pungufu. RTX 3050 ya dukani ya 8GB ilitoka na viini 2,560 vya CUDA (vitengo vidogo vya hesabu ndani ya chipu). Ya OEM ilikuwa na 2,304. Jina moja, mashine mbili. Kwa 3060 yenyewe mtego uko kwenye memori. Iliyotoka Februari 2021 ina 12GB na njia ya memori ya biti 192. Mwishoni mwa 2022 ikatoka nyingine, nayo RTX 3060, ya 8GB na biti 128. Wewe uliandika "RTX 3060" tu, hukusema ni GB ngapi. Rudi uulize wote watatu. Kwa kazi yako tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya boksi kufunguliwa au kutofunguliwa: mandhari yenye miti, nyasi na samani za Twinmotion inajaza memori upesi, na memori ya kadi ikijaa, Blender ama inagoma kuchakata ama inaanza kukopa RAM ya kompyuta na kwenda kwa mwendo wa kinyonga. Kama ya 850,000 ni ya 8GB, bei hiyo ni ghali.

Mtego wa tatu ni kadi zilizoundwa upya. Kuna watengenezaji wanaochukua chipu za laputopu na kuzipachika kwenye ubao wa kompyuta ya mezani. RTX 3060 ya laputopu ina viini 3,840 na memori 6GB. Ya mezani yenye 12GB ina 3,584. Kwa hiyo namba kubwa ya viini si bahati, ni dalili. Hizo za laputopu mara nyingi zinakataa draiva ya kawaida mpaka ichezewe, na ukisasisha draiva unaamka skrini nyeusi. Zipo pia kadi zilizotengenezewa kuchimba sarafu za kidijitali tu, kama P106-100, ambazo mara nyingi hazina hata tundu la kuchomeka skrini. Ukitumiwa kwenye basi, utayagundua haya Nzuguni wakati hela iko Kariakoo.

Tukija kwenye ile ya boksi lililofunguliwa, swali lako la kwanza dukani lisiwe "kwa nini ilirudishwa". Jibu la swali hilo huwezi kulithibitisha. Anza na namba ya seri. Kuna stika yenye namba nyuma ya kadi au ubavuni, na nyingine kwenye boksi. Zisome herufi kwa herufi. Zisipofanana, hiyo si kadi ya boksi lililofunguliwa. Ni kadi iliyowekwa kwenye boksi la kadi nyingine, na mazungumzo yanaanza upya kwa bei ya kadi iliyotumika.

Zikifanana, iweke mezani chini ya taa nzuri na umulike kwa tochi ya simu. Angalia meno ya dhahabu yanayoingia kwenye madabodi: kadi iliyochomekwa mara moja au mbili ina mikwaruzo myepesi, yenye mifereji iliyokolea imeingia na kutoka mara nyingi. Juu kidogo ya meno hayo kuna vipande vidogo kama punje za ulezi vilivyopangwa kwa mistari. Kimoja kikiwa kimeng'oka utaona vidoa viwili vya risasi vinang'aa bila kitu juu yake. Karibu na ndoano inayoshikiza kadi kwenye madabodi, tafuta ufa mwembamba. Kadi nzito iliyosafirishwa ikiwa ndani ya kompyuta hupasuka hapo. Tazama vichwa vya skrubu nne zinazozunguka chipu kwa nyuma. Zikiwa na makovu, kadi ilishafunguliwa, na muulize nani alifungua na kwa nini. Mafuta mafuta yanayochuruzika pembeni ya bati ni ya vipande laini vinavyopoza memori. Si ugonjwa wa kuua, ila vinatoka vikipata joto kwa muda mrefu, na kadi ya siku mbili haiwezi kuwa nayo. Nusa. Kadi iliyopashwa moto kwa mashine ya fundi ili irudishe uhai huacha gundi ya kahawia inayonata kuzunguka chipu, wakati mwingine na plastiki iliyojikunja. Hiyo ikatae hata kama inawaka mbele yako, maana kuipasha moto hakuponyi mguso ulioachia. Kunaurudisha kwa siku au wiki chache, halafu unaachia tena.

Zungusha feni kwa kidole. Iende taratibu na kusimama yenyewe bila kukwaruza. Itikise kidogo juu na chini; ikicheza, beringi imeanza kuisha. Hapa ndipo kadi iliyochimba sarafu hujulikana. RTX 3060 nyingi ziliwekwa kwenye uchimbaji wa Ethereum tangu 2021, mpaka mtandao huo ulipoacha njia ya uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, na kadi zikamwagika sokoni dunia nzima. Kadi iliyofanya kazi mwaka mmoja bila kuzimwa ina saa 8,760 kwenye feni zake. Hatusemi uikimbie kila kadi ya namna hiyo. Chipu yenyewe mara nyingi hubaki salama kwa sababu wachimbaji wengi waliishusha nguvu. Kinachochoka ni feni, pesti inayopeleka joto la chipu kwenye bati, na vile vipande laini vya memori, na hivyo vinabadilishika. Ila bei yake si ya kadi iliyorudishwa baada ya siku mbili.

Baada ya macho, umeme. Mwombe muuzaji aiweke kwenye mashine ya duka, usiipime kwenye yako kwa sababu ya pawasapulai tuliyoisema. Nenda na flashi yenye GPU-Z (inayosoma sifa za kadi), FurMark (inayoichosha chipu), OCCT (inayopima makosa ya memori) na Blender ile isiyohitaji kusakinishwa, pamoja na faili lako moja la kazi lililo zito kuliko yote. Mwambie mapema kwamba utahitaji saa moja. Muuzaji anayekataa saa moja kwa kitu cha laki nane na nusu amekujibu tayari.

GPU-Z kwanza. Kwa RTX 3060 ya 12GB unatakiwa kusoma: viini 3,584, ROP 48 na TMU 112, memori 12288 MB aina ya GDDR6, biti 192. Namba ziwe hizo kamili, siyo karibu na hizo. Programu hii inatambua pia kadi nyingi zilizobadilishwa jina kwa ujanja na kuweka neno la kutahadharisha mbele ya jina. Kuna mstari unaoonyesha njia ya kadi kwenda kwenye madabodi. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni yake ili kadi iamke, kisha uone kama inasoma x16. Ikibaki x8 au x1, safisha meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli na pamba yenye spiriti, uchomeke tena. Isipobadilika, jaribu tundu la mashine nyingine. Bado? Acha.

Halafu FurMark dakika 15, huku GPU-Z ikiwa wazi pembeni. Usiogope feni zikiwa zimesimama mwanzoni. Kadi nyingi za dukani huzima feni mpaka joto lipande. Angalia mambo matatu. La kwanza ni wati: zipande mpaka karibu 170 na kukaa hapo. La pili ni joto la chipu: kwenye chumba cha nyuzi 28 au 30, kadi yenye feni mbili ibaki chini ya 80. NVIDIA wameweka ukomo wa 93 kwa kadi hii, na inayofika huko ndani ya dakika kumi ina tatizo la kupoa. La tatu ni tofauti kati ya joto la kawaida la chipu na joto la sehemu yake yenye moto kuliko zote. Nyuzi 10 hadi 20 ni kawaida. Ikizidi 25 au 30, pesti imekauka au bati halijakaa sawa. Kwenye GPU-Z kuna mstari unaosema kwa nini kadi imezuia kasi yake: ukionyesha imezuiwa na umeme, sawa, ndivyo inavyotakiwa, ukionyesha joto, siyo sawa.

Watu wengi wanaishia hapo, na kwa kazi yako hapo hapatoshi. FurMark inachosha chipu lakini haijazi memori. Fungua kipimo cha memori cha OCCT, kipe asilimia 90 ya memori, kiache dakika 20. Kosa moja tu, rudisha kadi. Usikubali kuambiwa "ni moja tu kaka, michezo yote inapiga". Mchezo unaotumia 4GB hauifikii sehemu mbovu iliyo juu ya memori. Sebule yako ikitumia 9GB itaifikia, na utaona madoadoa ya rangi kwenye picha au Blender inajifunga yenyewe ukiwa umebakiza asilimia kumi. Kisha chakata faili lako mwenyewe. Chomeka skrini kwenye kila tundu la kadi, HDMI na DisplayPort, moja baada ya jingine. Mwisho zima mashine, ipoe dakika 10, iwashe tena. Mguso uliopasuka hujificha kadi ikiwa ya moto na kujitokeza ikiwa imepoa, au kinyume chake, ndiyo maana hatuachi hatua hii.

Ikivuka yote hayo, uamuzi wa bei unakuwa rahisi zaidi. Ile ya Dodoma inakuokolea 300,000 ukilinganisha na yenye seali, kama asilimia 26. Ya winga inakuokolea 200,000 juu ya hapo, lakini ukipata mbovu unapoteza 650,000 yote, kwa kuwa hujui duka lake. Winga kazi yake ni kuuza mzigo wa mwenye duka, kesho yuko mtaa mwingine. Hesabu yake ni hii: kama kadi mbili katika kila sita za namna hiyo zingekuwa mbovu, basi ukiongeza hasara, ile 200,000 imeshaliwa yote. Na wewe unanunua moja tu, huna sita za kusawazisha. Hatumtuhumu huyo kijana. Tunasema namna anavyotaka mfanye biashara, hela kwanza na kupima baadaye, inaubeba mzigo wote wa hatari na kuutua kichwani kwako.

Ukiitaka kadi yake, panda treni ya SGR asubuhi, saa zisizofika nne uko Dar, upime kama tulivyoeleza ndani ya duka lenye jina mlangoni, ulipe hapo. Nauli ya kwenda na kurudi uiongeze kwenye bei. Na kwa hali hiyo, kadi ya OEM isiyo na boksi wala waranti tungeiona ni ya halali kwa laki tano na nusu, siyo sita na nusu.

Kwa hiyo hapa tulipo, chaguo letu kwako ni ile ya Dodoma, ikiwa ni ya 12GB, namba za seri zinafanana, na muuzaji anakubali kuandika. Kuandika ndiko tunakokusisitizia kuliko kupunguziwa elfu ishirini. Waranti ya mdomo ya miezi mitatu kwa maduka mengi ina maana ya "fundi wetu atajaribu". Muulize: ndani ya siku 30 ikifa, unanirudishia hela, unanipa nyingine, au unatengeneza? Jibu aliandike kwenye risiti, pamoja na jina kamili la kadi, 12GB, namba ya seri na tarehe. Kama risiti imechapwa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", aandike juu yake kwa mkono na kugonga muhuri. Dai risiti ya EFD yenye bei yote, siyo nusu. Ukikubali risiti ya laki nne ili upunguziwe kodi, siku ya mgogoro una ushahidi wa laki nne.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mwenye duka auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. Lakini ukishakikagua kitu mwenyewe, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua ni vigumu kuidai baadaye. Kwa hiyo ukikagua, kagua kweli, na kasoro utakazoziona ziandikwe zilivyo: "feni ya kushoto ina kelele", "boksi limefunguliwa". Ukikuta umeuziwa kadi iliyobadilishwa jina, ngazi ya kulalamika ni Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003.

Tumebaki na akiba yako. 850,000 na pawasapulai vinafika milioni moja au zaidi, na una laki tisa. Usitatue hilo kwa kuacha pawasapulai. Ukishahesabu mashimo ya kadi, nunua pawasapulai wiki hii, maana haitapotea kwa kadi yoyote utakayoichukua. Kwa kadi, ingia na 750,000 mkononi na matokeo ya kipimo cha OCCT; kadi ya boksi lililofunguliwa bila waranti ya maandishi ya kiwanda ina nafasi ya kupungua. Asiposhuka, subiri mwezi. Usishawishike kununua kadi ndogo ili pawasapulai ya sasa itoshe: hata RTX 3050 ya 6GB, inayokula 70W tu na haihitaji plagi ya ziada, ukiijumlisha na 134W za sipiyu unafika 204W juu ya 216W za kwenye lebo, na lebo za namna hiyo hatuziamini mpaka kwenye wati ya mwisho. Ile fikra ya rafiki yako ya kuongeza RAM ni nzuri, 16GB ni ndogo kwa Twinmotion, ila iwe ya tatu kwenye foleni.

Siku utakayoichukua, ibebe kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, ndani ya boksi, siyo ikiwa imechomekwa ndani ya keshi juu ya bajaji. Hewa ya Dodoma kuanzia Juni hadi Novemba ni kavu, na ukavu huo unaleta umeme tuli mwilini bila wewe kuusikia. Gusa bati tupu la keshi kabla ya kuishika kadi, na uishike pembeni. Chomeka skrini kwenye kadi, siyo kwenye madabodi. Kosa hilo linarudisha kadi nyingi nzima dukani. Vumbi la kipindi hicho hicho litafunga bati ndani ya miezi miwili, kwa hiyo pulizia kila baada ya wiki sita hadi nane, na ukipulizia shika feni isizunguke, kwani kuizungusha kwa upepo mkali kunaua beringi. Keshi isikae sakafuni. Na kwa zile saa nane za usiku, UPS ya 1000VA yenye 600W itabeba mashine na skrini muda wa kutosha kuhifadhi kazi, ingawa siyo kumaliza picha.

Risiti ya EFD imechapwa kwa joto, na ikikaa kwenye droo ya chumba chenye jua la Oktoba maandishi yanafifia kabisa. Ipige picha siku hiyohiyo, pamoja na stika ya namba ya seri ikiwa kwenye kadi, ujitumie kwa barua pepe.